Kuzuru Uwanja wa Vita wa Salaita: Njia, Majina na Wasiotajwa

Makala haya yanahusu safari ambayo bado haijafanywa. Idara yetu imekusudia kuwachukua wanafunzi wa mwaka wa pili hadi Taita na Taveta, wakaone mahali walipopigana Waingereza na Wajerumani katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, na mwandishi wa makala haya ameombwa atayarishe mwongozo. Mwanzoni kazi ilionekana nyepesi: kutafuta ramani, kupanga siku, kuhesabu nauli. Lakini kila aliyewahi kuandaa ziara ya mahali pa kihistoria anajua kwamba ratiba yenyewe ni hoja. Pale gari litakaposimama, na pale litakapopita bila kusimama, ndipo mwanafunzi atakapojifunza ni nani aliyestahili kukumbukwa. Kwa hiyo nimeona ni bora hoja hizo ziwekwe wazi mbele ya wasomaji wa jarida hili kabla ya safari, ili wanaozipinga wapate nafasi ya kuzipinga.

Habari za vita vyenyewe zinajulikana, na hapa nitazipitia kwa haraka. Vita vilipotangazwa Ulaya mwezi wa Agosti 1914, Wajerumani wa Tanganyika walivuka mpaka na kuutwaa mji wa Taveta tarehe 15 ya mwezi huo. Kutoka hapo waliweza kuitisha reli ya Uganda, ambayo ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa koloni la Waingereza. Vikosi vyao vidogo vilipenya katika nyika ya Tsavo usiku, vikatega baruti relini, vikarudi. Waingereza nao, baada ya kushindwa vibaya Tanga mnamo Novemba 1914, walikaa muda mrefu wakijilinda. Mwaka 1915 walianza kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Taveta, na mwezi wa Julai mwaka huo wakapigana Mbuyuni, wakarudishwa nyuma. Mbele yao, kilomita kumi na kitu mashariki ya Taveta, palikuwa na kilima cha Salaita.

Msafiri asiyeambiwa anaweza kukipita kilima hicho bila kugeuza shingo. Si mlima, ni kichuguu kikubwa katikati ya nyika tambarare. Lakini aliyesimama juu yake aliiona njia yote ya kutoka Mbuyuni, na hakukuwa na jeshi ambalo lingeweza kufika Taveta kwa njia hiyo bila yeye kuliona. Wajerumani waliimarisha kilima kwa mahandaki na boma la miiba. Tarehe 12 Februari 1916, wanajeshi wapatao 6,000 wa upande wa Uingereza, chini ya Jenerali Malleson, walipelekwa kukitwaa. Katika hao walikuwamo Makaburu na Waingereza wa Afrika Kusini, ambao walikuwa ndiyo kwanza wafike Afrika Mashariki, na ambao wengi wao waliona ni mzaha kuambiwa kwamba watapambana na askari weusi. Walikuwamo pia Waingereza wa Lancashire, Wazungu wa Rhodesia, na Wabaluchi wa jeshi la Uhindi.

Mizinga ilianza kupiga kileleni, kwa kuwa ndiko mahandaki yalikoonekana. Ilipiga kwa muda mrefu na kwa shabaha nzuri, na haikumdhuru mtu wa maana, kwa sababu waliokilinda kilima hawakuwa kileleni. Walikuwa chini, kwenye vitako vya kilima, wamejificha katika mahandaki yaliyofunikwa na vichaka. Askari wa miguu wa Afrika Kusini walipokaribia, walikutana na risasi za bunduki na za rashasha, ambazo kizazi kile kiliziita bombomu, na baadaye askari wa akiba wakatoka upande wa Taveta wakawashambulia kwa ubavu, singe zikiwa bundukini. Wageni wakakimbia. Ni Wabaluchi waliosimama imara na kuwafunika wenzao warudi kambini. Inasimuliwa kwamba Wabaluchi waliokota bunduki ya rashasha iliyoachwa na Waafrika Kusini, wakawarudishia pamoja na ujumbe wa kuwaomba, kwa adabu, wasiwaite tena makuli. Upande wa Uingereza ulipoteza watu 172 kwa kuhesabu waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea, na zaidi ya 130 kati yao walikuwa wa Afrika Kusini.

Walioshinda siku hiyo, ijapokuwa maafisa wao walikuwa Wajerumani, walikuwa Waafrika kwa sehemu kubwa. Jambo hili litasemwa kwa sauti mbele ya wanafunzi, na litasemwa pamoja na la pili yake: kwamba askari hao walishinda kwa ajili ya bwana ambaye, miaka tisa tu kabla ya hapo, alikuwa akichoma maghala ya nafaka ya Kusini mwa Tanganyika ili kuwazima kwa njaa wapiganaji wa Maji Maji. Fahari ya ushujaa wao haiwezi kutenganishwa na uchungu huo, wala sioni haja ya kuitenganisha.

Ushindi wa Salaita haukudumu. Siku saba baadaye Jenerali Smuts alitua Mombasa, akachukua uongozi, na mwezi wa Machi akakizunguka kilima kwa kupitia upande wa Chala badala ya kukikabili. Wajerumani wakakihama bila kupigana. Siku mbili tatu baadaye, tarehe 11 na 12 Machi, mapigano makali yalitokea katika vilima vya Latema na Reata, magharibi ya Taveta, alikouawa Kanali Graham wa kikosi cha tatu cha Keya. Baada ya hapo vita vikahamia kusini, vikapita Tanganyika nzima, vikaingia Msumbiji, na havikwisha mpaka Von Lettow-Vorbeck aliposalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, wakati Ulaya ilikuwa imekwisha kuweka silaha chini wiki mbili nyuma.

Hapa ningependa kusimama kidogo juu ya jina, maana ndilo jambo ambalo idara ya lugha ina haki ya kulisemea. Karibu kila anayewaongoza wageni katika sehemu zile husimulia kwamba Salaita ni neno la Kiingereza lenye maana ya machinjo, lililotamkwa na wanajeshi baada ya kipigo cha Februari na likageuzwa na wenyeji. Hadithi ni tamu, na utamu wake ndio unaonitia shaka. Tuitazame kwa sauti. Irabu ndefu iliyomo katika neno hilo la Kiingereza ni ile ile iliyomo katika maneno ambayo sisi tuliyachukua tukayafanya korti, bodi na ripoti. Kila mara irabu hiyo imetua kwetu kama o. Kwa kanuni hiyo tungetazamia silota, au sloota kwa yule aliyezoea kusikia Kiingereza, lakini si Salaita, yenye a mbili za mwanzo na mwisho na ai katikati ambayo haina asili yoyote katika neno linalodaiwa. Na ushahidi ulio bora zaidi umetoka katika vita vile vile. Kikosi cha wachukuzi kiliitwa kwa Kiingereza jina la maneno mawili, na neno la pili lina irabu hiyo hiyo. Waswahili walilisikia sawasawa, wakasema Kariakoo. Haiwezekani sikio lile lile, mwaka ule ule, lisikie oo mahali pamoja na ai mahali pengine.

Wajerumani, kwa upande wao, walikiita kilima hicho Oldorobo, jina lenye sura ya Kimaasai. Asili ya Salaita ni swali ambalo wanafunzi wetu wa Kitaveta na Kitaita wanaweza kulishughulikia vizuri kuliko mimi. Linalonikera katika hadithi ya machinjo ni kwamba inaufanya mlima wa watu ubatizwe na kilio cha mgeni, kana kwamba kabla ya Waafrika Kusini kupigwa pale hapakuwa na mtu mwenye ulimi wa kupaita mahali hapo kitu chochote. Aidha, nitawatahadharisha wanafunzi kuhusu jina jingine. Watakutana katika vitabu na kambi ya Serengeti, ambako jeshi lilitokea asubuhi ile ya Februari. Hiyo ni nyika ya Taita, wala si mbuga mashuhuri ya Tanzania.

Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilipata kuuzuru uwanja wa vita wa Gettysburg, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, ambako majeshi ya Kaskazini na Kusini yalipigana tarehe 1 hadi 3 Julai 1863. Serikali ya nchi hiyo iliufanya kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1895. Pana minara na mawe ya ukumbusho zaidi ya 1,300; kila kikosi kina jiwe lake, na mgeni anaweza kuonyeshwa ni ukuta gani ulishikwa na watu wa jimbo gani, alasiri gani. Viongozi wa wageni hufanyiwa mtihani kabla ya kupewa leseni, na desturi hiyo imekuwapo tangu 1915. Nilistaajabu, na nakiri kwamba nilipata wivu. Lakini hata huko mawe hayasemi yote. Makaburi yaliyozinduliwa kwa hotuba ya Lincoln mwezi wa Novemba 1863 yalikuwa ya wanajeshi wa Kaskazini. Maiti za Kusini zililala katika mashimo ya mashambani mpaka miaka ya 1870, zilipochukuliwa na watu wao. Na Waafrika waliokuja na jeshi la Kusini kama watumwa, wakiendesha magari ya farasi na kuwapikia mabwana zao, hawakuchongewa jiwe katika mawe hayo yote niliyoyatembelea.

Salaita hakuna minara. Baadhi ya watu huona hilo kuwa ni aibu na wangependa tuwe na Gettysburg yetu, pamoja na kituo cha wageni na duka la kuuza picha. Sipingi mahali pale pahifadhiwe; kwa kweli panahitaji sana kuhifadhiwa. Mahandaki yanafukika kila mvua inaponyesha, na wapita njia wanaokota maganda ya risasi. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006, kwa jinsi inavyofafanua vitu vya kale vinavyohamishika, imeweka mpaka katika mwaka 1895, kwa hiyo ganda la risasi la 1916 halipati ulinzi kwa umri wake tu. Wanafunzi wetu hawataokota chochote, na atakayerudi na ganda mfukoni atalirudisha kwa nauli yake mwenyewe. Hata hivyo, kama tutajenga minara kwa kufuata orodha ya vikosi vilivyopigana tarehe 12 Februari, tutakuwa tumewaacha nje wale ambao vita hivi viliwaua kwa wingi kuliko wote, yaani wachukuzi.

Sababu ya kuwapo kwao ni rahisi kueleza. Nyika yote ile, na nchi yote ya kusini yake, ilikuwa na mbung'o waliowaua farasi, nyumbu na ng'ombe. Reli ilikomea mahali fulani, magari yalikwama matopeni, na baada ya hapo kila sanduku la risasi, kila gunia la unga, kila kitanda cha afisa kilisafiri juu ya kichwa cha mtu. Kikosi cha wachukuzi kiliundwa 1914 chini ya Oscar Watkins. Mwanzoni walitafutwa wa hiari. Sheria ya 1915 ikawapa watawala uwezo wa kuwalazimisha. Na mwaka 1917, kazi ya kuandikisha ilipokabidhiwa John Ainsworth, machifu walitakiwa kutoa watu kwa idadi, na vijiji vya Nyanza, Ukambani na Ukikuyu vikakombwa. Mshahara ulishushwa ukawa rupia tano kwa mwezi, chini kabisa ya wa askari.

Waliuawa na tumbo kuliko risasi. Mtu aliyezoea viazi, ndizi au wimbi alipewa unga wa mahindi uliosagwa ovyo, akaupika kwa haraka jioni, kwa kuni mbichi, baada ya kutembea kutwa. Akaharisha damu, akaachwa njiani. Malaria na kichomi vikamaliza kazi. Idadi ya vifo vilivyoandikwa ilizidi 40,000, nayo ni ndogo, kwa maana waliotoroka na waliopotea hawakufuatiliwa. Wanahistoria wengi huiweka karibu na 100,000 kwa upande wa Waingereza peke yake. Mishahara ya waliokufa bila kudai haikuwafikia jamaa zao. Maofisa wa serikali waliandikiana barua kuihusu kwa miaka mingi, na fedha zikabaki zilipokuwa.

Kwa sababu hiyo ninapendekeza ziara isianzie Voi. Ianzie Nairobi, katika soko la Kariokor, penye kambi ya wachukuzi wakati ule. Jina hilo, pamoja na ndugu yake Kariakoo wa Dar es Salaam, mahali walipowekwa wachukuzi baada ya Waingereza kuutwaa mji ule mwaka 1916, ndilo mnara mkubwa kuliko yote uliojengwa kwa ajili yao, na haukujengwa na serikali. Ulijengwa na vinywa vya watu. Maelfu hulitaja kila siku wanapopanda gari kwenda kununua kiondo au nyama ya kuchoma, bila kujua kwamba wanataja jeshi. Kutoka hapo wanafunzi watatembea hadi barabara ya Kenyatta, kwenye sanamu za shaba zilizochongwa na James Alexander Stevenson na kuwekwa mwaka 1928. Watu watatu wamesimama, mmoja wao mchukuzi, na chini yao pana maandishi kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu yanayowaita wachukuzi miguu na mikono ya jeshi. Nitawataka wanafunzi wayanakili maandishi ya Kiswahili herufi kwa herufi na kuyalinganisha na ya Kiingereza, kisha waniambie ni nani aliyekuwa akizungumza na nani. Miguu na mikono ni sifa, lakini ni sifa inayomnyima mtu kichwa. Wala jiwe halitaji jina la mchukuzi hata mmoja.

Kisha treni ya reli mpya iliyofunguliwa 2017 itatushusha Voi, na kutoka hapo tutafuata barabara ya Mwatate, Bura, Maktau na Mbuyuni hadi Taveta, mwendo wa zaidi ya kilomita mia moja. Njia hii nimeichagua kwa kuwa ni ile ile ya reli ya kijeshi, na mwanafunzi ataelewa kwa macho yake kwa nini vita vilikwenda polepole. Kila kitu kilitegemea maji. Nyika kati ya vilima vya Bura na mto Lumi haina maji ya kutegemea wakati wa kiangazi, na Waingereza walilazimika kuyavuta kwa bomba kutoka Bura, huku Wajerumani wakilitafuta bomba hilo walivunje. Tumechagua Februari kwa makusudi. Jua la Februari pale ni kali, na kila mwanafunzi atabeba maji yake mwenyewe kutoka barabarani hadi kileleni. Uzito ule mdogo utafundisha kitu kuhusu uzito wa kilo ishirini na kitu uliobebwa miezi.

Kabla ya Maktau nitalisimamisha gari mahali panapoonekana mlima Kasigau kwa mbali. Hakuna mapigano makubwa yaliyotokea huko, na vitabu vya kijeshi huupita katika sentensi moja. Mwaka 1915 Wajerumani waliuteka mlima huo, na Waingereza wakawashuku wenyeji kwamba ndio waliowafungulia njia. Vijiji vyao vikachomwa, watu wakakusanywa wanaume kwa wanawake, wakahamishiwa Malindi, ambako wengi walikufa kwa homa za pwani na njaa. Waliobakia hawakurudishwa kwao mpaka miaka ya 1930. Mtu akiniuliza uwanja wa vita huu una mipaka gani, mimi huuweka Kasigau ndani yake, na Malindi pia.

Maktau patakuwa na kituo kifupi, kwenye makaburi ya askari wa Kihindi. Kuna na mbuyu katika sehemu zile unaoonyeshwa wageni, wenye matundu ya risasi, na husemwa kwamba mwanamke wa Kijerumani alijificha ndani yake akawadungua Waingereza kulipiza kisasi cha mumewe. Hadithi hiyo nitawaachia wanafunzi wa fasihi simulizi, na nina hakika wataifurahia. Ila nitawauliza kwa nini masimulizi yote yanayouzwa kwa watalii katika njia ile yana shujaa wa Kizungu.

Taveta tutaingia jioni. Makaburi ya kijeshi yapo mjini, yamepangwa safi, zaidi ya mia moja, na mengi ni ya Waafrika Kusini waliokufa Salaita na Latema. Kila mmoja ana jina, cheo na tarehe. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokubali kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, waliokufa katika utumishi wa dola la Uingereza wakati wa vita vile, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba hilo lilitokana na ubaguzi wa waliokuwa wakiamua. Tume iliomba radhi. Ripoti hiyo itasomwa hapo hapo, makaburini.

Swali lililobaki ni la kazi ya nyumbani, na wanafunzi watapewa mwezi mmoja kabla ya safari. Waliovishuhudia vita hivi wamekwisha kufariki wote, na aliyekuwa na bahati ya kuwahoji katika miaka ya 1970 alifanya kazi ambayo sisi hatuwezi kuirudia. Lakini wajukuu na vitukuu wapo. Kila mwanafunzi, awe ametoka Siaya, Machakos, Murang'a au Wundanyi, ataulizia kwao kama kulikuwa na mtu aliyechukuliwa akaenda Kariakoo. Atauliza jina lake kamili, jina la baba yake, kijiji, rika, na neno ambalo familia hulitumia kutaja vita vile, kwa lugha ya nyumbani. Ataandika pia nyimbo na ngoma. Ile ya Beni, iliyoanzia pwani na kutembea na askari na wachukuzi mpaka bara, huenda ikapatikana mahali tusipoitazamia. Majibu yataandikwa katika daftari moja kubwa lenye safu nne, ambalo tutakwenda nalo Salaita na kurudi nalo, na litakaa katika maktaba ya idara kwa yeyote atakayetaka kuongeza jina. Hadi sasa, kwa kuwauliza wafanyakazi wenzangu tu kwenye chai ya saa nne, nimekwisha kupata majina kumi na moja.